Gari ya otomatiki inalia ajabu, gia boksi imekufa? Maswali ninayoulizwa kila wiki

Gari nyingi ninazoshika ni hizi hizi za mtumba kutoka Japani, Toyota, Nissan, Subaru, Honda kidogo, na kwenye kila gari tatu zinazoletwa kwa "gia boksi inalia" nakuta moja gia boksi yake ni nzima kabisa, kilichokufa ni beringi ya tairi au mauntingi (zile raba zinazoshikilia injini), na mwenye gari alishaambiwa akatafute gia boksi nyingine. Ndo maana nimeandika haya majibu marefu, soma swali linalokuhusu, mengine ruka.

Fundi, gari inalia, nianzie wapi kabla sijaileta gereji?

Anza na masikio yako, hayo ni bure. Sauti ya gari huwa inafuata kitu: inafuata resi ya injini, au inafuata mwendo wa matairi, au inafuata gia uliyopo, au inafuata usukani. Ukishajua inafuata kipi umemaliza nusu ya kazi, na mtu hawezi kukuuzia kitu usichohitaji.

Simama sehemu tambarare, hendibreki juu, weka P, kanyaga mafuta taratibu mpaka resi kama 2,000 alafu achia. Sauti ikipanda na kushuka na resi wakati gari haijasogea hata hatua moja basi ni kitu kinachozungushwa na injini moja kwa moja, inaweza kuwa pampu ya gia boksi au toki konveta (ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kwa kutumia oili), lakini pia inaweza kuwa altaneta, pampu ya usukani au beringi ya kukazia mkanda, ambavyo havihusiani na gia boksi hata kidogo. Kama pale P iko kimya, ingia barabarani, tafuta kipande tambarare kisicho na watu, fika 60 hivi, peleka N sekunde chache. Resi itashuka. Sauti ikibaki vile vile na inapungua tu kadiri gari inavyopoteza mwendo, hiyo inafuata matairi. Ikikata palepale ulipotoa gia, inafuata injini au mzigo. Usizime gari ikiwa inatembea, usukani na breki vitakuwa vigumu kama jiwe, na jaribio hili usilifanye kwenye mteremko.

Tembea na mtu pembeni akuandikie: mwendo gani, gia ya ngapi, gari ya baridi au imeshapata moto, unakanyaga mafuta au umeachia. Ukija na karatasi ya hivyo kwangu nakupenda bure.

Inalia wiiiii hata nikiwa nimesimama kwenye P, nikikanyaga mafuta ndo inazidi.

Ikiwa kweli inatoka kwenye gia boksi basi wa kwanza kushukiwa ni pampu, ile inayokaa mbele kabisa ya gia boksi nyuma ya toki konveta na inazunguka muda wote injini ikiwaka. Pampu haipendi kuvuta hewa. ATF, yaani oili ya gia boksi ya otomatiki, ikipungua, au filta iliyo ndani ya sampo (bakuli la oili la chini) ikiziba, pampu inavuta mapovu na inaanza kulia kama mbu mkubwa, asubuhi gari ikiwa ya baridi inalia zaidi kwasababu oili bado nzito, au ukipiga kona kali ikalia alafu ikanyamaza, hapo ni oili imekimbilia upande mmoja imeiacha filta wazi.

Kwahiyo kabla ya kingine chochote pima oili. Nimeona gari zilizoshushwa gia boksi chini kumbe zimepungukiwa lita moja tu, kuna bomba la kwenda kwenye rejeta linavuja taratibu, na hamna aliyeinama kuangalia.

Ila kwanza hakikisha siyo vitu vya mkanda. Njia ya fundi masikini: injini ikiwa ya baridi fungua mkanda wa nje, washa gari kwa sekunde chache tu, sikiliza. Kelele imepotea? Basi ni altaneta, pampu ya usukani, au beringi. Zima haraka maana bila mkanda gari nyingi pampu ya maji haizunguki. Njia nyingine ni bisibisi ndefu, ncha unaigusisha kwenye chuma, kipini sikioni, unasogea kutoka altaneta kwenda kwenye gia boksi mpaka unakuta panapolia zaidi. Angalia nguo na mikono, feni haina huruma.

Napimaje ATF? Kila fundi anasema lake.

Wanatofautiana kwasababu na gari zenyewe zinatofautiana. Toyota nyingi za gia 4, mfano Fielder NZE121 au Premio ya NZT240, zina stiki ya kupimia. Unatembeza gari mpaka ipate moto, kama dakika 15 hadi 20, unapaki tambarare, injini inawaka, umekanyaga breki unapitisha lever kwenye gia zote taratibu, P mpaka L na kurudi P, alafu unachomoa stiki, unafuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, unarudisha, unachomoa tena. Oili inatakiwa iwe kwenye alama za HOT, zile za COOL ni za gari ya baridi. Injini ikiwa imezimwa utaona imejaa sana na utadanganyika.

Honda ni kinyume, unaipasha moto alafu unazima injini ndo unapima, tena ndani ya dakika moja hivi. Na ziko gari ambazo hazina stiki kabisa, utakuta plagi pembeni au chini ya sampo, hizo zinapimwa kwa joto, Toyota nyingi za hivyo oili inatakiwa iwe kama nyuzi 35 hadi 45, unafungua plagi ya levo injini ikiwaka, oili ikitoka kwa matone ya taratibu iko sawa. Hapo unahitaji mashine ya kusoma joto, anayekwambia anapima kwa kugusa sampo na kiganja muage vizuri uondoke.

Kuzidisha nako ni balaa. Ikijaa sana gia zinaikoroga inatoa povu, na povu linalia vile vile kama oili pungufu.

Rangi ya oili ina maana gani?

Ikiwa mpya ATF nyingi ni nyekundu. Ikizeeka inakuwa kahawia, hapo umechelewa kidogo lakini siyo msiba. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, kama mkate uliosahaulika jikoni, hizo ni klachi za ndani zimeungua, na gari ya hivyo ikiwa inalia tayari sikuahidi kitu. Ya waridi yenye ukungu kama yogati ya stroberi maana yake maji yameingia, mara nyingi rejeta imetoboka kwa ndani pale oili inapopozwa.

Usiishie kwenye rangi. Fungua sampo uangalie sumaku zilizomo. Tope laini la kijivu kama unga wa penseli ni kawaida, kila gia boksi inakuwa nalo. Vipande unavyoviona kwa macho, vinavyong'aa, vyenye ncha, au vijichuma kama sindano zilizovunjika, hizo ni beringi zinakuaga. Na alumini haishikwi na sumaku, kwahiyo angalia pia chini ya sampo yenyewe kuna nini kimelala.

Gia ya kwanza na ya pili inalia, ikiingia ya tatu kimya, ya nne inalia tena. Kwanini?

Hili swali nalipenda kuliko yote maana gari imeshajieleza yenyewe. Ndani ya gia boksi ya otomatiki kuna seti za gia ambazo moja inakaa katikati kama jua na nyingine ndogo zinaizunguka kama sayari, ndo maana zinaitwa planetari. Kwenye gia boksi nyingi za gia 4, gia ya tatu ni moja kwa moja, yaani shafti inayoingia na inayotoka zinazunguka sawasawa, seti nzima inafungwa inazunguka kama kitu kimoja na yale meno hayasagani. Kwahiyo kama kelele ipo ya kwanza, ya pili, na ya nne lakini ya tatu haipo, meno au viberingi vidogo vya planetari vimelika.

Hapo kubadilisha oili kutapunguza kelele kwa wiki mbili tatu alafu itarudi. Ni kufungua, au kutafuta gia boksi nyingine. R ikilia kidogo zaidi ya D usishtuke, gari nyingi ndo zilivyo, presha ya oili ukiwa rivasi inapandishwa.

Nikiweka D nimekanyaga breki inasaga, nikirudisha N inanyamaza.

Toki konveta, anza nayo. Ukiwa P au N zile sehemu zake mbili za ndani zinazunguka karibu sawa, moja inaifuata mwenzake, beringi iliyo katikati yao haina kazi. Ukiweka D na breki umeshika, upande wa injini unazunguka na upande wa gia umesimama, ndo beringi inafanya kazi na kama imelika utaisikia inasaga krrrr. Usijaribu kwa kukanyaga mafuta huku umeshika breki kwa muda mrefu, oili inachemka ndani ya sekunde chache.

Toki konveta ikianza kusaga inamwaga unga wa chuma kwenye mfumo mzima, kwenye valvu, kwenye kipoza oili. Kwahiyo anayekubadilishia toki konveta bila kusafisha kipoza na mabomba yake amekufanyia nusu kazi.

Tak tak tak kutoka kati ya injini na gia boksi, nimeambiwa injini imenoki. Ni kweli?

Inawezekana, lakini kabla hujauza kiwanja mwambie fundi aangalie ile sahani nyembamba inayounganisha injini na toki konveta, flekisi pleti. Ikipata ufa, au bolti zake zikilegea, inagonga kwa sauti inayofanana sana na injini iliyonoki. Kuna mama aliniletea Noah iliyokuwa imeshapitia gereji moja, sitaitaja, kule walishampigia hesabu ya injini nzima na hela ya utangulizi wamekula. Nilifungua kile kifuniko kidogo cha chini, nikazungusha injini kwa mkono, bolti mbili za toki konveta zilikuwa zinacheza kama jino la mtoto. Nilikaza, kelele ikaisha. Pesa yake ya utangulizi hakuipata mpaka leo.

Njia ya kutofautisha kwa haraka haraka: kunoki kwa injini kunabadilika ukichomoa plagi au koili ya silinda moja moja, ukifika silinda mbovu kunapungua. Flekisi pleti yenye ufa mara nyingi haijali silinda, inabadilika zaidi ukitoka N kwenda D. Siyo sheria ya Musa lakini inasaidia.

Nikitoa P kuweka D au R inagonga ngo! kama kuna mtu amepiga teke.

Kama ni pigo moja tu alafu kimya, angalia mauntingi kwanza. Fungua boneti, mtu ashike breki vizuri, aweke D, R, D, na wewe simama pembeni, usisimame mbele ya gari tafadhali. Injini ikiruka kama inataka kutoka basi raba za mauntingi zimekwisha. Cha pili ni resi, gari ikiwa D imesimama inatakiwa iwe chini ya 1,000 kwenye gari nyingi, ikiwa juu lazima ipige teke ukiweka gia. Gari za kuvutia nyuma kama Hiace ongeza krosi za propela shafti (viungo vya kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma), shika shafti kwa mkono uizungushe huku na huku, ukisikia kacha-kacha ndo yenyewe.

Mauntingi mpya, resi sawa, krosi sawa, na bado inapiga, tena kuna kusubiri sekunde mbili tatu kabla gia haijashika? Hapo sasa tunaongea gia boksi, presha ya ndani au solenoidi (valvu za umeme).

Kama ngo inatokea unapotoa P ukiwa umepaki mlimani, hiyo ni tabia yako. Uzito wote wa gari umeuning'iniza kwenye kijino kidogo cha P. Vuta hendibreki ukiwa bado umekanyaga breki, achia breki gari ikae, ndo uweke P. Na ile krrrrr ya kuweka P wakati gari haijasimama kabisa ni kijino hicho hicho kinaruka ruka, ukiendelea kitavunjika.

Inavuma vuuuuu kuanzia 60, kadiri ninavyokimbia inazidi.

Kwa uzoefu wangu hapa ni beringi ya tairi au tairi zenyewe zimelika vibaya, gia boksi inasingiziwa. Kwenye barabara tupu yumbisha gari taratibu kulia na kushoto. Ukienda kushoto mzigo unahamia kulia, kama mvumo unaongezeka beringi ya kulia ndo mgonjwa, na kinyume chake. Hamisha tairi za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele, mvumo ukihamia nyuma ni tairi. Kata-kata-kata ukikunja usukani mpaka mwisho ni CV joint (kiungo cha shafti inayozungusha tairi), angalia raba yake kama imechanika na grisi imerukia kwenye rimu.

Kama siyo hivyo vyote, basi difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi ya kulia na ya kushoto), ambayo kwenye gari za kuvutia mbele iko ndani ya gia boksi hiyo hiyo. Difu inalia tofauti ukikanyaga mafuta na ukiachia.

Kwenye 60 mpaka 80 ni kama napita juu ya rasta, gari inatetemeka drrrr alafu inaacha.

Barabara laini lakini unahisi rasta, na inatokea ukiwa umegusa mafuta kidogo tu, mwendo wa kutulia. Ndani ya toki konveta kuna klachi inayojifunga ili injini na gia zizunguke sawa bila kupoteza nguvu, ikichakaa au oili ikichoka inajifunga kwa kutetemeka. Jaribio ni rahisi: wakati inatetemeka gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto bila kuachia mafuta. Kwenye gari nyingi kugusa breki kunafungua ile klachi, mtetemeko ukikata palepale umempata. Usipokata fikiria plagi na koili za injini, maana misi ya injini (silinda kukosa kuwaka) inafanana nayo sana, nimeshachanganya mwenyewe.

Habari njema, hii ndo moja ya matatizo machache ambayo kubadilisha ATF kunaweza kuyatibu kweli. Ukimwaga kupitia bolti ya sampo inatoka sehemu tu, nyingine imebaki kwenye toki konveta, kwahiyo mwaga, jaza, tembea siku kadhaa, mwaga tena. Mimi gari ya zamani isiyojulikana historia yake siipigi flashi ya mashine (kusukuma oili yote itoke kwa mara moja), nafanya hivi hivi kidogo kidogo.

Na oili yenyewe nitie ipi? Dukani wanasema nyekundu zote ni moja.

Siyo moja! Rangi ni rangi tu. Toyota za zamani kidogo zinataka T-IV, na mara nyingi imeandikwa kwenye stiki yenyewe. Za baadaye zinataka WS, nyepesi zaidi. Nissan wana Matic zao, D, J, S. Honda wana zao. Na CVT, gia boksi ya puli na mkanda wa chuma, ni dunia nyingine kabisa, ina oili yake, mfano Nissan NS-2 au NS-3, Toyota wana TC na FE. Ukitia ATF ya kawaida kwenye CVT mkanda wa chuma unateleza kwenye puli, unachubua, na kinachofuata ni mlio ambao hautaondoka hata ukirudisha oili sahihi. Gari za namna hii ndo zinaniuma zaidi, maana gia boksi ilikuwa nzima, imeuliwa na galoni ya bei rahisi.

CVT yangu inalia kama ndege inapaa, ni kawaida?

Kiasi fulani ndiyo. CVT haina gia za kuhesabu, ina puli mbili na mkanda wa chuma, resi inaweza kupanda ikatulia palepale huku mwendo unaongezeka, na aliyezoea gia 4 anadhani inateleza. Subaru za CVT zinatumia cheni badala ya mkanda wa kusukuma na zina mluzi mdogo wa asili. Fielder na Wish za CVT nazo zina sauti nyembamba ukiachia mafuta kuelekea kusimama.

Isiyo ya kawaida ni ile inayozidi wiki hadi wiki, mvumo mzito unaofuata mwendo, hizo ni beringi za puli. X-Trail T31 zinakuja sana na hili. Hata Marekani Nissan walilazimika kuongeza waranti ya CVT za magari yao ya 2003 mpaka 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000, kwahiyo usijione una bahati mbaya peke yako. Ukisikia mvumo pamoja na gari kukosa nguvu ukiwa safari ndefu kwenye joto, simama ipoe, usilazimishe kufika.

Subaru yangu inalia mbele, ATF nimepima imejaa.

Hapa watu wengi wanakosea. Forester na Legacy za zamani zenye otomatiki ya gia 4 zina difu ya mbele yenye oili yake peke yake, siyo ATF, ni oili ya gia, na ina stiki yake upande mwingine wa injini. Mafundi wengi hawajui hata kama ipo. Kibaya zaidi, mtu anaenda kumwaga ATF anafungua bolti ya difu, anamwaga oili ya difu, alafu anaongeza ATF juu ya ATF iliyojaa. Gari inatoka gereji difu ni kavu na gia boksi imefurika, baada ya siku chache inalia uuuuu kama king'ora. Pima stiki zote mbili.

Na kama Subaru inakwama na kugonga gonga ukikunja kona ya maegesho, ni klachi ya kupeleka nguvu nyuma inang'ang'ania. Kwenye gari nyingi za gia 4 kuna kishika fyuzi kimeandikwa FWD ndani ya boneti, chomeka fyuzi uendeshe kidogo, ikiacha umejua tatizo liko wapi. Hilo ni jaribio, usilifanye maisha. Na angalia tairi zote nne zifanane, moja mpya na tatu zilizokwisha kwenye Subaru ni kujitafutia.

Nilipita kwenye maji pale Jangwani, Dar, siku tatu baadaye imeanza kulia.

Gia boksi ina tundu la kupumulia. Ikiwa ya moto ukaizamisha kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia hilo tundu. Usisubiri. Angalia rangi leo hii, ikiwa ya yogati usiwashe tena, maana klachi za ndani zimeunganishwa kwa gundi na maji yanazibandua. Ukiwahi siku ya kwanza kumwaga mara mbili tatu kunaweza kuokoa. Ukija baada ya mwezi tutaongea tu kama marafiki.

Nikishuka mlima Kitonga nikiweka 2 au L injini inanguruma, si naharibu? Wenzangu wanashuka na N.

Wenzako wanacheza na maisha ya watu. Ule ngurumo ni injini inakusaidia breki na haiharibu kitu ilimradi resi isifike kwenye nyekundu. Ukiwa N breki zinabeba kila kitu, zinapata moto, zinakataa. Na kushuka na N hakusevu mafuta, gari za injekta ukiachia pedali ukiwa kwenye gia kompyuta inakata mafuta, ukiwa N inabidi iendelee kuchoma ili injini isizime.

Mashine ya kupima si itasema tatizo ni nini?

Mashine haina masikio. Inasoma umeme, na beringi iliyolika haina waya. Inatoa kodi, yaani namba za hitilafu: P0700 ni kompyuta ya gia boksi inasema tu kuna jambo, ukasome kodi nyingine. P0741 inahusu ile klachi ya toki konveta, P0730 uwiano wa gia hauendani na inavyotakiwa. Kodi hazikwambii ubadilishe nini, P0741 inaweza kuwa solenoidi, waya, oili mbovu, au toki konveta yenyewe. Kelele kubwa bila kodi yoyote ni kitu cha kawaida kabisa.

Nifungue itengenezwe au ninunue ya mtumba?

Kwa gia 4 za Toyota, ya mtumba iliyotoka kwenye gari iliyokatwa nusu mara nyingi inatoka nafuu kuliko kufungua. Namba ya gia boksi ifanane, mwaga oili yake mbele ya muuzaji uangalie rangi na sumaku, kubaliana siku za kujaribu na yaandikwe. Kwa CVT naogopa zaidi, hujui aliyekutangulia alitia oili gani. Ukinunua badilisha oili na filta kabla haijapanda kwenye gari, na kipoza kisafishwe, la sivyo uchafu wa iliyokufa unaua na mpya.

Imekata safarini, naweza kuivuta kwa kamba?

Tairi zinazovuta gari zisiguse chini. Injini ikiwa imezima pampu haizunguki, gia zinazunguka bila oili. 4WD na CVT tafuta gari ya kubebea. Na otomatiki haiwashwi kwa kusukuma, mtachoka bure.

Prius au Aqua yangu inapiga mluzi nikiwa naondoka taratibu.

Ni mota za umeme. Haina mkanda wa CVT mle ndani. Ikigeuka kuwa kusaga ndo uje.

Na ile tik! ninapokanyaga breki kabla ya kutoa P?

Ni kufuli ya lever inafunguka. Siku usipoisikia, alafu lever ikagoma kutoka P, angalia fyuzi na swichi ya taa za breki.